Jinsi ya Kusimulia Filamu za Treni Iliyokataa Kusimama

Nimeshika mikrofoni ya kusimulia filamu hapa Nakuru kwa miaka 14. Nilianzia kwenye kibanda cha mabati kule Rhonda, na televisheni moja yenye mgongo mkubwa na jenereta ya kuazima. Siku hizi niko Bondeni, kwenye chumba chenye viti 80 vya plastiki na projekta. Watazamaji wangu wanapenda ngumi, wanapenda majambazi, wanapenda mapenzi ya Kifilipino. Lakini Jumamosi nikibandika mlangoni karatasi yenye picha ya treni, viti havitoshi, na wazee ambao hawajakanyaga ukumbi mwaka mzima hufika mapema wakiwa wamevaa makoti.

Sababu ni mji wenyewe. Reli ilifika hapa mwaka 1900 na mji ukajengeka kuizunguka. Hapa ndipo njia inagawanyika: moja inapanda Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, halafu inateremka kwenda Kisumu, nyingine inashika Rongai, inapanda Timboroa, inapita Eldoret na kuingia Uganda. Nyumba nyingi za zamani hapa zina mtu aliyekula mshahara wa reli. Marehemu baba yangu alikuwa gadi, yule anayekaa behewa la mwisho na taa yake ya vioo, chekundu na kijani. Kwa hiyo ninaposimulia treni, ninasimulia kazi ya baba yangu mbele ya wenzake, na sitaki kuikosea.

Vijana wawili wanaoanza kazi hii, mmoja wa Kisumu na mwingine wa Kakamega, wameniuliza ninavyoziandaa filamu hizi. Nawaandikia njia yangu kama nilivyojifunza, pamoja na pale nilipokosea.

Anza na zile zilizotengenezewa televisheni

Filamu za treni ziko nyingi, lakini kwa msimulizi anayeanza, zilizotengenezewa televisheni ndizo shule. Mwaka 1969 kituo cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha kila wiki filamu mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni pekee, ndani ya nafasi ya dakika 90. Ukitoa matangazo ya biashara, hadithi yenyewe inabaki dakika sabini na kitu. Huko ndiko ilikotoka Runaway! ya 1973, treni ya abiria inayoteremka mlima wa theluji bila breki. Mwaka 1979 kituo hichohicho kikaonyesha Disaster on the Coastliner, treni mbili za abiria zinazoelekeana kwenye reli moja California. Na Mei 1999 kituo cha NBC kikatoa Atomic Train, hadithi ndefu ya usiku mbili, treni ya mizigo iliyobeba bomu la nyuklia ikiteremka milimani kuelekea Denver.

Faida yake kwako ni hii. Kila baada ya dakika kumi na kitu picha inafifia na kuwa nyeusi, kwa sababu hapo ndipo matangazo yaliwekwa. Na kabla ya giza hilo mwandishi lazima akuache ukiwa umeshika roho: mtu ananing'inia kati ya mabehewa, simu inakatika, taa nyekundu inawaka. Sekunde hizo nyeusi ni zako. Kunywa maji. Waambie waliochelewa, kwa sentensi mbili, treni iko wapi na nani yuko ndani. Ukisimulia filamu ya sinema kubwa hupati pa kupumua, na saa ya pili sauti yako inakuwa kama ya mtu aliyekula vumbi.

Tena filamu hizi zilikuwa na pesa kidogo. Sinema kubwa inaweza kuvunja mabehewa mengi. Ya televisheni ina treni moja iliyopigwa picha kutoka pande zote, na watu wengi wanaoongea. Wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya msimulizi, maana pale watu wanapoongea ndipo ukumbi unakuhitaji. Gari likigonga gari, kila mtu anaelewa.

Itazame mara tatu kabla ya kufungua mdomo

Mara ya kwanza tazama bila kuandika. Mara ya pili zima sauti kabisa, uone ni nini kinaeleweka kwa macho tu, hayo hutayasimulia. Mara ya tatu kaa na kalamu na karatasi ya manila.

Kwenye manila chora mstari mmoja mrefu. Huo ndio reli. Upande wa kushoto andika mahali treni ilipoanza kukataa, upande wa kulia mahali itakapoishia: mji mkubwa, daraja bovu, kona kali, treni nyingine. Katikati weka kila kitu kinachotajwa, yaani stesheni, handaki, reli ya kupishana, makutano na barabara. Chini ya kila alama andika dakika ya filamu. Katika kila filamu ya aina hii kuna chumba cha kuongoza treni chenye ramani ukutani, na watu wenye mashati meupe wakiiangalia. Ramani hiyo inaonyeshwa kwa sekunde mbili na mtazamaji hawezi kusoma majina. Manila yako ndiyo ramani ya ukumbi mzima. Mimi huibandika ukutani kando ya skrini, na kijana mmoja husogeza kifuniko cha chupa kilichobandikwa gundi ya karatasi kadiri treni inavyosonga. Watoto wanapenda kuona kile kifuniko kikikaribia mwisho kuliko hata picha yenyewe.

Fanya hesabu pia. Wamarekani wanataja maili, na maili 60 kwa saa ni karibu kilomita 97. Ukisikia mtu wa chumba cha kuongoza anasema treni imebakiza maili 20 na inakimbia maili 80 kwa saa, hiyo ni dakika 15. Angalia filamu imebakiza dakika ngapi. Mara nyingi hazilingani, na mtazamaji mwenye akili atagundua. Usitangaze idadi ambayo filamu yenyewe itaivunja. Sema tu kwamba muda ni mchache, halafu taja namba pale zinapokubaliana.

Fuata breki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo filamu zote za treni zinaposimama au kuanguka, na hapa ndipo nilipoaibika.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo. Kwenye filamu mtu mbaya anaingia kati ya mabehewa mawili na kukata mpira wa hewa kwa kisu kikubwa. Nami nikapaza sauti: "Hewa imetoka! Breki hakuna! Sasa ni Mungu tu!" Ukumbi ukapiga kelele. Filamu ilipoisha mzee mmoja alibaki kwenye kiti chake mpaka watu wakaisha. Alikuwa amefanya kazi ya kupanga mabehewa yadi kwa miaka mingi na alimfahamu baba.

"Binti," akasema, "hewa ikitoka, treni inasimama. Haikimbii. Baba yako angekuwa hapa leo angeinamisha kichwa."

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake. Akanipeleka nyuma ya nyumba penye tangi la maji, akashika mpira wa kumwagilia na kunifundisha kwa saa nzima. Nakupa alichonipa.

Chini ya treni yote, kutoka kichwa hadi behewa la mwisho, linapita bomba moja la hewa. Kompresa ya kichwa inalijaza. Kila behewa lina tangi lake dogo la hewa na vali yake. Bomba likiwa limejaa, matangi yanajazwa na breki zinaachia. Hewa ikipungua ndani ya bomba, kwa dereva kuitoa au kwa mpira kukatika, vali ya kila behewa inageuka yenyewe, hewa ya tangi inasukuma, na pedi zinabana magurudumu. George Westinghouse wa Marekani ndiye aliyeleta mpango huu miaka ya 1870, na uzuri wake ni kwamba kitu kikiharibika, treni inajifunga. Mzee alinikunjia ule mpira wa maji kwa vidole viwili. "Ukikata hapa, yanamwagika, unajua kuna shida. Ukikunja hapa, mwenye bomba haoni kitu. Anafikiri maji yanafika."

Kukunja huko, kwenye treni, ni koki. Mahali mabehewa mawili yanapoungana kuna mipira miwili yenye vichwa vya chuma vinavyoshikana kama mikono ya watu wanaosalimiana, na nyuma ya kila mpira kuna koki yenye mkono mfupi. Koki ikifungwa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayamsikii tena dereva. Hakuna mlio wala moshi. Kamera ikionyesha mkono wa mtu ukigusa mkono wa koki, nyamaza kila kitu kingine na useme hilo, kwa sababu hiyo ndiyo maiti ya kwanza ya hadithi. Mjini Paris, stesheni ya Gare de Lyon, tarehe 27 Juni 1988, treni iliingia bila breki za kutosha na kugonga nyingine, watu 56 wakafa. Abiria alikuwa amevuta breki ya dharura njiani, na dereva alipokuwa akirekebisha akaifunga koki kwa bahati mbaya.

Njia nyingine ni matangi kuisha. Dereva akibana na kuachia, akibana na kuachia kwenye mteremko mrefu bila kuyapa matangi muda wa kujaa, mwishowe anavuta mpini na hakuna kinachotokea. Au pedi zinapata moto mpaka haziwezi kushika. Au barafu, kama ile filamu ya 1973. Au treni iliegeshwa kwa hewa bila breki za mkono za kutosha. Hii ya mwisho ilitokea kweli Lac-Mégantic, Kanada, usiku wa tarehe 6 Julai 2013. Treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi iliachwa juu ya kilima bila mtu. Breki za mkono zilizofungwa zilikuwa 7 tu. Kichwa kilishika moto, wazima moto wakazima injini, na injini ilipozimwa kompresa nayo ikazimika. Hewa ikavuja polepole. Treni ikaanza kutembea peke yake gizani kuelekea mjini, na watu 47 wakafa. Ukiielewa hiyo moja utaweza kueleza filamu kumi.

Basi kazi yako katika dakika za mwanzo ni kumjibu mtazamaji swali moja: kwa nini haisimami? Likijibiwa vizuri, atakaa saa nzima. Kama filamu imedanganya, kama ile ya kisu, usiseme uongo pamoja nayo. Mimi siku hizi husema: "Amekata mpira, na koki za pande zote mbili amekwisha kuzifunga." Filamu haijaonyesha koki, lakini sasa hadithi inasimama, na mzee wangu akiwa kiti cha pili hutikisa kichwa kukubali.

Uzito na mteremko

Watu wa hapa wanajua mteremko kwa miguu yao, kwa hiyo tumia huo. Kwenye mteremko unaoshuka mita 20 kwa kila kilomita moja, treni ya tani 1,000 inasukumwa na nguvu sawa na uzito wa tani 20, saa zote, bila kuchoka. Ikiachiwa kutoka kusimama, itafika kilomita 60 kwa saa kwa dakika moja na nusu hivi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya kuisimamisha inaongezeka mara nne. Huhitaji kutaja namba zote hizi. Chagua moja, uiseme mapema, uirudie wakati mshale wa mwendo unapopanda.

Usihamishe treni, lakini. Nimesikia wasimulizi wanaoita Denver "Eldoret" ili watu wacheke. Mimi siwezi. Iache Denver pale ilipo, kisha umpe mtazamaji kipimo chake. Mau Summit iko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Kisumu pale ziwani ni kama 1,130. "Fikirieni treni ya mizigo imeachiliwa Mau Summit, Londiani imepita, Fort Ternan imepita, Muhoroni imepita, na Kisumu watu wako sokoni." Ukumbi mzima unanyamaza, kwa sababu kila mtu ana shangazi Muhoroni. Tena Nakuru yetu, ikiwa kama mita 1,850, iko juu kuliko Denver yenyewe, ambayo ni 1,609. Hilo huwashangaza watu kila mara.

Nani anamwita nani

Watu wa filamu hizi hawabadiliki sana. Kuna dereva mzee aliyebakiza siku chache astaafu. Kuna kijana aliyetumwa kufanya naye kazi na hawaelewani. Kuna mke aliyeachana na shujaa, naye kwa bahati mbaya amepanda treni hiyohiyo na mtoto. Kuna mgonjwa anayehitaji dawa, kuna mkubwa wa kampuni anayefikiria hasara, kuna mfanyakazi aliyefukuzwa mwenye kinyongo. Wape sauti sita tofauti na uzishike mpaka mwisho. Ukichanganya sauti ya mkubwa na ya dereva, ukumbi unapotea.

Lililo gumu zaidi ni namna wanavyoitana. Kwa Kiingereza kijana wa miaka 25 anamwita dereva wa miaka 60 kwa jina lake la kwanza. Ukilitafsiri hivyo, hapa kwetu inasikika kama matusi, na mtazamaji anamchukia kijana ambaye filamu inataka ampende. Kwangu kijana husema "Mzee", na dereva humjibu "kijana" mpaka katikati ya hadithi. Siku wanapookoana, namfanya dereva aseme "mwanangu". Neno hilo moja hubeba kile ambacho mwigizaji anakifanya kwa macho. Mtu wa chumba cha kuongoza akiongea na dereva kwenye redio ni "ndugu", mkubwa wa kampuni ni "bosi", na mama mwenye mtoto anaitwa "mama" na kila abiria. Mtoto akimwita mkagua tiketi, ni "mjomba".

Andaa pia maneno ya reli kabla, usiyatafute ukiwa hewani. Kichwa cha treni, behewa, mataruma, kokoto, pointi (reli zinazosogezwa kugeuza njia ya treni), reli ya kupishana, gadi, breki ya mkono. Waulize wazee. Hapa Nakuru ukikaa nusu saa karibu na stesheni na kikombe cha chai utapata maneno ya mwezi mzima.

Na usidhani kubadilisha maneno juu ya picha ni kazi yetu sisi wa vibandani tu. Ile Atomic Train ilipokaribia kuonyeshwa, NBC wenyewe waliweka maneno mapya juu ya midomo ya waigizaji: palipotajwa taka za nyuklia, pakasikika taka hatari. Waliogopa watu wangedhani ni mambo ya kweli. Ukiijua hiyo unaelewa kwa nini pale midomo na maneno hayafuatani, na unaweza kumweleza mtazamaji anayeuliza.

Mshike shujaa wa kweli mkononi

Kila filamu ya treni ina mtu anayetembea juu ya paa la mabehewa, upepo unampiga, handaki linakuja. Simulia, watu wamelipa kuona hilo. Lakini kabla ya filamu kuanza mimi huwasimulia treni ya Ohio, na watoto hunyamaza kuliko wakati wa filamu.

Tarehe 15 Mei 2001, dereva mmoja yadini, karibu na mji wa Toledo, alikuwa akisogeza mabehewa 47. Mipira ya hewa ya mabehewa haikuwa imeungwa, kama ilivyo kawaida katika kupanga mabehewa yadi. Aliona pointi mbele haijakaa sawa, akashuka aikimbilie kuigeuza. Alidhani ameiacha injini ikijizuia yenyewe, kama breki. Kumbe mpini ulikuwa umekaa upande wa kusukuma mbele. Treni ikamwacha. Na kwa kuwa breki ya kichwa ilikuwa imewekwa, kile kifaa cha usalama kinachofunga treni dereva akikosekana hakikufanya kazi. Mabehewa mawili yalibeba fenoli, kemikali ya sumu. Treni ilikwenda bila mtu kwa zaidi ya kilomita 100, karibu saa mbili, ikifika kama kilomita 80 kwa saa. Walijaribu kuitoa relini kwa kifaa, ikakirusha pembeni. Polisi wakapiga risasi kitufe cha kuzimia mafuta, bila mafanikio, maana kitufe kile kinahitaji kubonyezwa kwa sekunde kadhaa.

Iliyoizuia ni kazi ya wanareli watatu. Wawili, Jess Knowlton na Terry Forson, waliifuata nyuma na kichwa kingine, wakaungana nayo na kuanza kuivuta polepole. Mwendo uliposhuka hadi kama kilomita 18 kwa saa, Jon Hosfeld akakimbia kando yake kwa miguu, akashika chuma, akapanda, akazima injini. Hakuna aliyekufa. Hapo huwaambia watoto wakimbie mbio mpaka kwenye nguzo ya stima na kurudi, halafu wafikirie wanapanda kitu chenye uzito ule kwa mwendo huo.

Pale pa kunyamaza

Usiseme neno honi inapopigwa. Usiseme neno wakati wa mgongano wenyewe, hata kama ni sekunde 20. Kelele za chuma hazihitaji mkalimani. Na baada ya mgongano hesabu polepole hadi tano ndipo urudi.

Kwa waliokufa kwenye filamu, usifanye mzaha. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, Tanzania, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima ilirudi nyuma bila kuzuilika na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wasafiri wa treni zetu ni wafanyabiashara, wanafunzi, mama wenye watoto mgongoni, na kwenye ukumbi wako hujui nani alisubiri mtu ambaye hakushuka. Filamu yoyote yenye treni inayorudi nyuma, mimi huanza kwa kutaja tukio hilo na kuwaomba watu wakae kimya kidogo. Wengine wameniambia naharibu burudani. Sijabadilika.

Siku yenyewe

Fika ukumbini saa mbili kabla ya filamu kuanza. Pima sauti ya spika ukiwa kiti cha nyuma, si mbele. Treni ina mngurumo mzito chini, na ukiuacha juu sauti yako itazama, hasa kama wewe ni mwanamke. Mimi hupunguza mngurumo na kuacha honi. Weka maji ya uvuguvugu, siyo baridi. Weka tochi ya kusomea karatasi yako ya dakika. Stima ikipotea, usiwaache watu gizani na kimya: endelea kusimulia kwa mdomo mtupu kutoka pale picha ilipokatika, ukitumia manila, mpaka jenereta iwake. Mara mbili imenitokea katikati ya mteremko, na mara zote mbili hakuna aliyedai pesa yake.

Filamu ikiisha, washa taa na usizime mikrofoni. Wape wazee wa reli dakika 10. Watasema breki ile si hivyo, watasema pointi haigeuzwi na mtu mmoja akiwa na mkono umevunjika, watakumbuka usiku fulani Timboroa kwenye ukungu. Andika wanachosema nyuma ya ile manila, pamoja na kosa ulilofanya wewe na dakika yake. Zangu ninazikunja na kuzitia kwenye sanduku la bati alilokuwa akibebea baba chakula cha safari. Ninapoombwa filamu ileile tena, huanza kwa kulifungua hilo sanduku kabla ya kugusa projekta.